GAZETI NI AMANA: ANAYELIFIKISHA, ANAYELILIPIA NA ANAYEAMUA LIANDIKE NINI

(Mada iliyowasilishwa Utemini, mjini Singida, mbele ya maimamu, walimu wa madrasa na mawakala wa jarida hili)



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote, aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu ya kalamu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aliyefikisha ujumbe pasi na kupunguza wala kuongeza, pamoja na ahli zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Waheshimiwa masheikh zetu, wazee wetu, mama zetu mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi ndugu zetu mawakala mnaobeba mizigo ya magazeti kutoka stendi hadi misikitini: nimetakiwa nizungumzie usambazaji wa gazeti la Kiislamu na uhuru wa mhariri wake.

Wengi wetu huyaona haya kuwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. Usambazaji tunaukabidhi kwa vijana wenye baiskeli na pikipiki, na uhuru wa mhariri tunauacha kwa wanasheria na waandishi walioko Dar es Salaam. Ninachokusudia kukibainisha leo ni kuwa hili ni jambo moja. Mwenye kuimiliki njia inayopita gazeti, na mwenye kuilipia njia hiyo, ndiye mhariri wake wa pili, hata kama hajawahi kushika kalamu.

Tunalo pia jambo lililo mbele yetu. Kama mlivyokwisha kusikia, limeletwa pendekezo kuwa yuko mtu mwenye uwezo aliye tayari kununua nakala zote za jarida hili zinazokuja mkoani kwetu na kuzigawa bure misikitini kwa mwaka mzima. Baadhi ya ndugu wamelipokea kwa takbira. Wengine wamenyamaza. Nitalirejea baadaye, kwani jibu lake halitapatikana ila tuanze na msingi.

HUDHUD: MLETA HABARI NA MFIKISHA BARUA

Katika Suratun-Naml (27:20-28) Allah (s.w) anatusimulia habari za Nabii Sulaiman (a.s) na ndege Hudhud. Sulaiman alikagua ndege wake, akamkosa Hudhud, akaapa kumuadhibu asipoleta hoja iliyo wazi. Ndege yule alipofika alimweleza mfalme bila woga kuwa amegundua jambo ambalo yeye mfalme hakuwa na habari nalo, na kwamba amekuja kutoka Sabaa na habari ya yakini. Tuyatafakari mafunzo ya kisa hiki.

Kwanza, kiumbe mdogo alisema mbele ya mwenye mamlaka makubwa jambo la kweli ambalo mwenye mamlaka hakulijua. Sulaiman hakumwadhibu kwa kuthubutu kusema.

Pili, Sulaiman hakuichukua habari ile kama ilivyo. Alisema ataangalia kama Hudhud amesema kweli au ni miongoni mwa waongo. Uhuru wa kusema na wajibu wa kuhakikisha vilikwenda pamoja.

Tatu, Hudhud aliyeleta habari ndiye huyohuyo aliyepewa barua aipeleke. Alitakiwa aifikishe, kisha akae kando atazame watajibu nini. Hakuifungua njiani wala hakuchagua wa kumfikishia. Huo ndio uwakala kwa maana yake kamili.

Nne, barua ile ilipofika ilitaja waziwazi imetoka kwa nani (27:30). Malkia hakubaki akijiuliza ni nani aliye nyuma yake.

Kwa hiyo gazeti lenye sifa za kisa hiki ni lile linalosema kweli mbele ya mwenye nguvu, linalohakikisha kabla ya kusema, linalofika kwa ukamilifu wake, na linalojulikana ni la nani na nani analilipia. Likikosa moja kati ya haya, yaliyobaki hudhoofika.

MWANDISHI ASIDHURIWE

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) ni aya ya kuandikiana deni. Humo Allah (s.w) ameamrisha kuwa mwandishi aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika, kisha mwishoni akakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Wanazuoni wa tafsiri wameieleza aya hii katika mlango wa mikataba, lakini msingi wake ni mpana. Hukumu mbili zimekuja pamoja: mwandishi amefungwa na uadilifu, na jamii imefungwa na wajibu wa kumlinda. Hatuwezi kushika ya kwanza tukaiacha ya pili.

Nchini mwetu, Januari 2008, Saed Kubenea wa gazeti la MwanaHalisi alivamiwa ofisini na kumwagiwa kemikali machoni, na mwenzake Ndimara Tegambwage akajeruhiwa kwa silaha ya makali. Septemba 2, 2012, Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini Nyololo, mkoani Iringa. Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi, alitoweka Kibiti. Katika hao wamo Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na aya haikubagua dini ya mwandishi.

Isifahamike kuwa uhuru tunaouzungumzia ni ule wa kuandika kila kinachopita kichwani. Mhariri Muislamu hayuko huru kusengenya wala kuzua. Suratul-Hujurat (49:6) inatuamrisha kuhakikisha habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Suratul-Maida (5:8) inakataza chuki yetu kwa watu fulani isitutoe kwenye uadilifu. Suratun-Nisaa (4:135) inatutaka tusimame na haki ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu, awe mhusika ni tajiri au masikini. Hayo ya tajiri na masikini tuyashike, tutayahitaji mbele.

WALIOTUTANGULIA KATIKA KAZI HII

Mwaka 1884, mjini Paris, Sayyid Jamaluddin al-Afghani na Sheikh Muhammad Abduh walianzisha jarida la Kiarabu lililoitwa al-Urwatul-Wuthqa. Najua humu ndani wapo wasiokubaliana na baadhi ya maoni ya wanazuoni hao, nami sikuja kuyatetea. Ninachokitazama ni njia ya jarida lao. Liligawiwa bure kwa msaada wa wafadhili, likatumwa kwa posta katika nchi za Waislamu. Waingereza wakalizuia lisiingie Misri wala India. Hawakuwa na haja ya kumnyang'anya Abduh kalamu yake huko Paris, maana ilitosha kuukamata mfuko wa posta bandarini. Baada ya matoleo 18, ndani ya mwaka uleule, jarida likafa. Halikuwa na wasomaji wanaolilipia, na njia yake ilikuwa mikononi mwa adui.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1898, Sheikh Muhammad Rashid Ridha alianzisha al-Manar mjini Cairo. Naye alipata mitihani. Wasomaji wa mwanzo walikuwa wachache, na katika dola ya Uthmania jarida lilipigwa marufuku. Lakini yeye alijenga jambo moja ambalo al-Urwa halikuwa nalo: waandikishwaji waliolipia nakala zao nchi kwa nchi. Al-Manar lilidumu hadi alipofariki mwaka 1935, na nakala zake zikafika hadi pwani yetu hii ya Afrika Mashariki.

Miongoni mwa waliolisoma alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891-1947) wa Mombasa. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi ndogo ya kila juma aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili, lugha ya watu wa kawaida. Mwaka 1932 akaanzisha al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwaka huohuo wa 1932 aliteuliwa kuwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa kadhi mkuu wa Kenya. Al-Islah lilitoka kwa muda wa kama mwaka mmoja tu.

Lakini tazameni neema ya Allah. Makala za Sahifa zilihifadhiwa, zikakusanywa katika kitabu kilichoitwa Uwongozi, na mwaka 2017 wataalamu wakazichapisha tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Waliozihifadhi karatasi zile walikuwa wasambazaji kwa kizazi ambacho hawakukiona. Ndugu zangu, nakala moja inayofungiwa vitumbua leo huenda ndiyo ambayo mjukuu wako angeihitaji.

YALIYOJIRI NCHINI KWETU

Nchini Tanzania kalamu imewahi kuzuiwa kwa njia tatu, nazo zote zinatuhusu.

Njia ya kwanza ni ya mwenye mali. Februari 1970 serikali ililitaifisha gazeti la The Standard la Dar es Salaam. Rais Nyerere alitangaza kuwa gazeti hilo la umma litakuwa huru kukosoa, na uhariri akakabidhiwa Frene Ginwala, raia wa Afrika Kusini. Mwaka uliofuata, 1971, gazeti lilichapisha tahariri kali ya kulaani mauaji ya wapinzani yaliyofanywa na Rais Nimeiri wa Sudan. Mhariri yule akaondolewa kazini. Mwaka 1972 The Standard likaunganishwa na The Nationalist, likazaliwa Daily News. Ahadi ya uhuru ilitolewa na mtu mkubwa na kwa maneno mazuri, lakini aliyeitoa ndiye aliyekuwa mwenye gazeti. Tahariri ilipomuudhi, hapakuwa na wa kuitetea.

Njia ya pili ni ya sheria. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa kuona kwake tu. MwanaHalisi lilifungiwa miezi mitatu Oktoba 2008, kisha likafungiwa bila kikomo Julai 2012 hadi Mahakama Kuu ilipoliachia mwaka 2015. Septemba 2013 Mwananchi lilifungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Ilipokuja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, magazeti yakatakiwa kuwa na leseni. Mwaka 2017 MwanaHalisi na Mawio yalifungiwa miaka miwili kila moja, na Juni 2020 Tanzania Daima likafutiwa leseni. Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 2018 kuwa kufungiwa kwa gazeti la Mseto kulikuwa kinyume na Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2019 ikasema vifungu kadhaa vya sheria ile ya 2016 vinakwenda kinyume na mkataba huo. Februari 2022 magazeti manne, yaani Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima, yakarejeshewa leseni. Anayetaka kujua gazeti hupoteza nini likifungiwa miaka miwili, awaulize mawakala: wasomaji hutawanyika na mtandao wa usambazaji hukatika. Leseni hurejeshwa kwa siku moja, wasomaji hawarejei kwa siku moja.

Njia ya tatu haina kelele, nayo ni ya tumbo. Gazeti la Ngurumo lilianza mwaka 1959 kama gazeti binafsi la Kiswahili, likapendwa sana na watu wa hali ya chini. Halikufa kwa amri ya waziri. Mitambo ilichakaa, fedha hazikuwepo, na mwaka 1976 likazimika. Katika njia hii ya tatu yamo pia matangazo. Gazeti linaloishi kwa matangazo ya serikali au ya kampuni moja kubwa hujua lisiandike nini bila kuambiwa. Sheria ya 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari mamlaka ya kuratibu matangazo ya serikali katika vyombo vya habari, na kifungu hicho kilikuja kufutwa katika marekebisho ya mwaka 2023. Waliopigania kifutwe walielewa kuwa mkono unaogawa matangazo unaweza kunyamazisha bila kufungia.

Katika njia hizi, ya kwanza na ya tatu ndizo zinazotukabili sisi wenyewe, kwani ufunguo wake uko mikononi mwetu.

UHURU UNAVYOPOTEA HAPAHAPA KWETU

Ndugu zangu, kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni karibu kilomita 700. Mzigo hupakiwa katika basi, huteremshwa stendi, wakala huufuata, na baada ya swala ya Ijumaa hukaa mlangoni. Msikiti umekuwa kwa miaka mingi ndio duka la gazeti la Kiislamu katika nchi hii. Gazeti la An-Nuur na mengine yalijulikana kwa njia hiyo. Hatukuhitaji vibanda vya barabarani, kwa kuwa kila Ijumaa wasomaji wetu wanakusanyika wenyewe. Ni neema ambayo magazeti mengine hayana. Je, tunaifanyia nini?

Natoa mfano wa hesabu ili lieleweke, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Tuchukulie wakala amepokea nakala 100, bei shilingi 1,000, na haki yake ni shilingi 200 kwa kila nakala. Makao makuu yanatarajia shilingi 800. Kuchapa na kusafirisha kila nakala kumegharimu shilingi 700, yaani 70,000 kwa mzigo wote. Zimeuzwa nakala 60 kwa fedha taslimu. Zimerudi 15. Zimebaki 25 ambazo zimechukuliwa na watu wa heshima kwa maneno mawili: "Nitakupa." Kilichopatikana ni shilingi 48,000. Pengo ni 22,000.

Kama wale 25 wangelipa, zingeongezeka shilingi 20,000, na pengo lingekuwa 2,000 tu. Gazeti lingeweza kusimama kwa miguu yake. Zidisheni pengo lile kwa misikitini yote ya mkoa, kisha kwa mikoa yote, kisha kwa miezi 12. Hapo ndipo mhariri anapolazimika kwenda kubisha hodi kwa mtu. Na akirudi na fedha, hurudi pia na orodha ya mambo ya kutoyagusa, ijapokuwa orodha hiyo haikuandikwa mahali.

Sisi watu wa Singida tunaijua lumbesa. Mkulima wa vitunguu anapojaziwa gunia hadi juu ya mdomo na kulipwa bei ya gunia moja, tunasema kwa sauti kuwa ni dhulma, na tunasoma mwanzo wa Suratul-Mutaffifin. Basi na tuseme pia kuwa kulichukua gazeti, kulisoma, kulipitisha kwa watu wanane, kisha kutolipa, ni kupunja kipimo vilevile. Na wakala anayekusanya fedha za waumini akazizungusha katika biashara yake ya alizeti hadi msimu uishe, naye yumo humo.

Uko mtihani mpya wa simu. Siku hizi jarida likitoka asubuhi, mtu mmoja hulipiga picha kurasa zote, na kabla ya Adhuhuri limewafikia mamia katika makundi ya WhatsApp. Anayefanya hivyo hudhani anafanya tabligh. Kueneza kheri ni kheri, lakini mali ya watu huenezwa kwa idhini yao. Simu hiyohiyo inayotuma picha inaweza kutuma shilingi 1,000 kwa wakala.

Lakini lililo zito zaidi ni hili. Yamekuwa yakitokea, katika misikiti ya huku na ya kwingineko, mzigo kufika ukafungiwa ofisini. Sababu yaweza kuwa makala iliyohoji mapato ya msikiti, au mada iliyowagusa wafadhili wa ujenzi, au maoni ya sheikh wa upande mwingine. Hakuna aliyetangaza marufuku. Mlango umefungwa tu, na mwenye ufunguo amesafiri. Ndugu zangu, tunamlaumu waziri anayefungia gazeti kwa siku 90 na kutia saini jina lake. Huyu anayelifungia kwa kufuli bila saini tumwite nani? Hudhud alipewa barua aifikishe, hakuambiwa aisome kwanza aone kama inampendeza.

Kama makala ina kosa, ziko njia za kisharia: kumwandikia mhariri, kudai masahihisho, kujibu hoja kwa hoja. Mhariri mwadilifu anawajibika kuyachapisha masahihisho hayo mahali pa kuonekana. Kufungia mzigo hakumrekebishi mwandishi. Kunamdhulumu msomaji aliyekwisha kulipa, na kunamfundisha mhariri kuogopa wenye funguo kuliko anavyomuogopa Allah.

TUMJIBUJE MFADHILI?

Sasa tulirejee lile pendekezo. Wanaolitetea wana hoja yenye uzito: wapo waumini wasio na shilingi 1,000, kusoma ni haki yao, na fedha ya kheri haikataliwi. Dini yetu imejengwa juu ya sadaka na waqfu. Haifai kumdhania vibaya Muislamu anayetoa.

Lakini tuyatazame mambo matatu.

La kwanza, malkia wa Sabaa alipopata barua ya Sulaiman, alituma zawadi ili aone wajumbe watarudi na nini. Sulaiman aliikataa zawadi ile (27:35-36). Hakuikataa kwa kuwa mali ni haramu. Aliikataa kwa kuwa ilikuja kati ya ujumbe na jibu lake. Zawadi ikija kwa mfikisha ujumbe, hutazamwa imekuja wakati gani na inangoja nini.

La pili, imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa mtu mmoja aliyetumwa na Mtume (s.a.w) kukusanya zaka alirudi akasema: hii ni yenu, na hii nimepewa mimi. Mtume (s.a.w) alikasirika, akahoji juu ya mimbari kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingemfikia? Hiki ndicho kipimo. Tujiulize: mfadhili huyu angenunua nakala zote kama zisingekuwa zinaingia misikitini, mbele ya maelfu ya watu ambao kesho watapiga kura, watanunua bidhaa, au watachagua viongozi wa jumuiya?

La tatu, wanazuoni wa hadithi walikwisha kulijadili suala la ujira. Imam Ahmad bin Hanbal na wenzake hawakupenda kupokea hadithi kutoka kwa mwenye kutoza ujira, wakichelea tuhuma. Lakini Abu Nuaym al-Fadl bin Dukayn, mmoja wa masheikh wa Imam Bukhari, alipokea, kwa kuwa alikuwa na familia kubwa na nyumba tupu, na hadithi zake zikakubaliwa. Tunajifunza kuwa kulipwa na wanafunzi kwa kazi iliyo wazi ni jambo linalovumilika. Lililoogopwa zaidi ni mkono wa mtawala. Imam Ahmad alistahimili mijeledi katika zama za Khalifa al-Mu'tasim, na baadaye al-Mutawakkil alipomkirimu na kumpelekea mali, alijiepusha nayo. Alijua kuwa mali ya mkubwa ni mtihani kama mjeledi wake.

Kwa msingi huo, napendekeza tumjibu mfadhili kwa heshima na kwa maandishi, tumwombe Allah amlipe kheri, na tumweleze masharti yafuatayo:

1. Atoe kama waqfu au sadaka isiyo na sharti lolote juu ya yaliyomo katika jarida. Sharti la mwenye waqfu huheshimiwa katika sharia, kwa hiyo ni lazima tulikatae kabla ya kupokea, kwani baada ya kupokea limetufunga.

2. Jina lake na kiasi alichotoa vichapishwe jaridani, ili msomaji ajue, kama barua ya Sulaiman ilivyojulikana ni ya nani.

3. Asilipie zaidi ya robo ya nakala za mkoa, nazo ziwe za mayatima, wanafunzi wa madrasa, wagonjwa na wafungwa. Robo tatu zilizobaki tuzilipie wenyewe. Akichoka au akikasirika, jarida lisife.

4. Ugawaji ubaki kwa mawakala na maimamu, wala usifanywe na watu wake.

Akikubali, alhamdulillah. Akikataa masharti haya, atakuwa ametuonesha alichokuwa akikinunua, nasi tutakuwa tumeepukana nacho.

WAJIBU WETU

Baada ya kumjibu yeye, tujijibu na sisi. Nawaomba tuondoke hapa na mambo manne.

Kila msikiti utenge kiasi maalumu cha nakala unachokilipia kila mwezi kabla mzigo haujafika, hata kama ni nakala tano. Fedha iliyolipwa mapema ndiyo inayompa mhariri kiburi kizuri cha kusema hapana.

Kila wakala awe na daftari, aandike aliyechukua na tarehe, kwani aya ya deni tuliyoitaja inamhusu yeye kabla ya kutuhusu sisi. Wenye kudaiwa wakumbushwe kwa upole. Asiyeweza kulipa asamehewe waziwazi, asiachwe akiona haya kuja msikitini.

Mzigo usifungiwe. Mwenye dukuduku juu ya makala aandike barua, na barua hiyo ichapishwe.

Na kila msikiti uwe na sanduku au rafu ya kuhifadhi nakala moja ya kila toleo, kama walivyohifadhi wale wa Mombasa.

Jina la mtaa wetu huu wa Utemini limebeba neno utemi, na mtemi wa zamani alikuwa na wajumbe wake waliopeleka neno lake. Ujumbe tuliokabidhiwa sisi si wa mtemi. Ni neno la haki, na wenye kulibeba ni nyinyi mlioketi hapa. Mhariri aliye mbali anaandika akijua kama mko nyuma yake au hampo. Tukilipa na kufikisha, ataandika kwa uadilifu. Tukichukua bure na kufungia, tusimlaumu siku atakapotuletea gazeti lililojaa picha za mtu mmoja.

Tunamuomba Allah (s.w) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikia neno wakalifikisha kama walivyolisikia, awalinde waandishi wanaosema kweli, awalipe mawakala wetu kwa kila hatua wanayoipiga na mzigo mabegani, na asitujaalie kuwa sababu ya kunyamaza kwa haki. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.